Diski Inapogoma Kwenye Kompyuta: Kutambua Kasoro Kabla ya Kumlipa Fundi

Mlaji aliyezoea deki ya sebuleni hushangaa anapoingiza diski kwenye kompyuta na kuona haichezi. Deki ni chombo cha kazi moja. Kiwanda kiliweka ndani yake mashine ya kusoma, programu ya kufasiri kilichosomwa na leseni zote zinazohitajika, kisha kikaviuza vyote kwa pamoja. Kompyuta haiko hivyo. Ndani yake kusoma diski ni kazi ya kifaa kimoja, yaani kiendeshi. Kufasiri ni kazi ya programu. Nayo diski yenyewe yaweza kubeba katazo la kuchezwa katika sehemu fulani za dunia. Pande hizi tatu zikipatana, filamu huonekana. Upande mmoja ukigoma, mwenye kompyuta huona ujumbe mfupi wa kukatisha tamaa, naye huhitimisha kwamba kiendeshi kimekufa.

Hitimisho hilo huwagharimu walaji fedha nyingi bila sababu. Kiendeshi kizima hung'olewa, kingine huwekwa, malipo hufanyika, na jioni yake diski ileile hugoma tena. Somo hili limekusudiwa kumwezesha msomaji kutambua, akiwa nyumbani kwake na bila kifaa chochote cha ufundi, ni upande upi uliogoma. Aidha, kuna diski ambazo haziuzwi dukani: ya harusi, ya mahafali, ya sauti ya mzee aliyekwisha fariki. Kwa diski za namna hiyo mpangilio wa hatua hubadilika, nao umeelezwa mahali pake.

Jaribio la diski tatu

Tafuta diski tatu. Ya kwanza iwe CD ya muziki iliyotengenezwa kiwandani. Ya pili iwe DVD ya filamu, nayo ya kiwandani, unayojua kwamba inacheza kwenye deki. Ya tatu ni hiyo inayokusumbua. Ziingize moja baada ya nyingine, na uipe kila moja dakika moja kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa kiendeshi kilichochoka huchukua muda kuitambua diski.

Sababu ya kutumia CD na DVD kwa pamoja ni kwamba hazisomwi kwa mwanga mmoja. CD husomwa kwa mwanga wa leza wa nanomita 780, ambao jicho halioni vizuri. DVD husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Na Blu-ray kwa mwanga wa samawati na zambarau wa nanomita 405. Kadiri mwanga unavyokuwa wa wimbi fupi, ndivyo unavyoweza kusoma alama ndogo zaidi, na ndiyo maana CD hubeba takriban megabaiti 700, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25, ilhali zote tatu zina kipenyo kilekile cha milimita 120. Kwa hiyo kiendeshi cha DVD kinaweza kupoteza mwanga mmoja na kubaki na mwingine. Kikicheza CD vizuri na kutotambua DVD yoyote ile, inaelekea kwamba leza ya DVD imedhoofika au lenzi imeshika vumbi. Hali kadhalika, kiendeshi cha DVD kikishindwa kusoma Blu-ray hakina ubovu wowote: hakikuumbwa kwa kazi hiyo, hata kama diski hizo mbili zinafanana kama mapacha.

Sasa fanya jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita. DVD ya filamu ikiwa ndani, usibonyeze mara mbili ili icheze. Fungua orodha ya yaliyomo, kama unavyofungua flashi. Ukiona folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ambayo majina yake huishia kwa herufi VOB na IFO, basi kiendeshi kimesoma diski. Mwanga unafanya kazi, mota inafanya kazi, waya zimeunganishwa. Kinachogoma ni programu au namba ya ukanda, na hakuna sababu ya kununua kiendeshi kipya. Usipoona kitu, au kompyuta ikidai kwamba diski ni tupu, ndipo shaka inapohamia kwenye kiendeshi au kwenye diski yenyewe. Diski ileile ikisomeka kwenye kompyuta ya jirani, kiendeshi chako ndicho chenye kasoro.

Filamu inayokwama katikati nayo husomwa kwa mantiki hiyohiyo. Ikikwama mahali palepale kwenye mashine mbili tofauti, diski ina doa au mkwaruzo. Ikikwama hapa leo na pale kesho, kiendeshi kimechoka. Iko pia hali ya tatu: filamu nyingi ndefu hurekodiwa kwenye DVD ya matabaka mawili, yenye gigabaiti 8.5, na leza hulazimika kuhama kutoka tabaka moja hadi lingine filamu ikiendelea. Kiendeshi dhaifu hushindwa kuhama. Ikiwa filamu kadhaa, kila moja ya matabaka mawili, hukwama karibu na nusu yake, dalili hiyo inakihusu kiendeshi.

Programu isiyokuwepo

Kompyuta zenye Windows 7, katika matoleo yake mengi ya nyumbani na ya ofisini, zilicheza DVD bila kuongezewa kitu. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kampuni ya Microsoft iliacha kuweka uwezo huo ndani ya kichezaji chake cha kawaida. Sababu yake ni ya kibiashara: programu inayofasiri picha na sauti za DVD hulipiwa leseni kwa kila kompyuta, na kompyuta nyingi mpya zilikuwa zinauzwa bila kiendeshi. Windows 10 ya mwaka 2015 ilifuata njia hiyohiyo.

Matokeo yake ni malalamiko ambayo kwa sura yanaonekana kumhusu fundi. Mlaji hupeleka kompyuta yenye Windows 7 ili ipandishwe hadi toleo jipya. Hurudishiwa ikiwa na kasi na sura nzuri. Kisha filamu aliyoitazama wiki iliyopita haichezi. Humtuhumu fundi kwa kubadilisha kiendeshi kwa siri, wakati fundi hakukigusa hata kidogo. Wapo pia mafundi wanaotumia tukio hilo kuuza kiendeshi kisichohitajika. Jaribio la folda ya VIDEO_TS humwondolea lawama yule wa kwanza na kumuumbua wa pili.

Tiba haina malipo. Programu ya VLC, inayotolewa bure na VideoLAN, shirika lisilo la faida lenye makao yake Ufaransa, hucheza DVD na CD kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakue kutoka tovuti ya watengenezaji wake wenyewe. Tovuti nyingine huifunga pamoja na programu za matangazo, na baadhi hudai malipo kwa kitu ambacho mwenyewe anakitoa bila malipo. Ukikutana na ujumbe unaokutaka upakue kodeki maalumu ili kutazama filamu moja, ukatae: programu hatari zimepita katika mlango huo mara nyingi.

Kwa Blu-ray hali si nyepesi. Filamu zake za kiwandani zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na kwa kawaida huhitaji programu ya kununuliwa pamoja na skrini inayokubali ulinzi huo. Anayenunua kiendeshi cha Blu-ray kwa ajili ya filamu na aulize kwanza kama programu hiyo imo ndani ya boksi.

CD za muziki nazo zina mtego wake mdogo. Ukifungua orodha ya CD ya muziki kwenye Windows utaona mafaili yanayoishia na herufi cda, kila moja likiwa na baiti 44 tu. Hayo si muziki. Ni anwani za mahali nyimbo zilipo kwenye diski. Anayeyanakili kwenye flashi na kutupa diski hubaki na flashi isiyo na wimbo hata mmoja. Nyimbo zenyewe huhamishwa kwa programu ya kuchezea muziki yenye uwezo wa kuzigeuza kuwa mafaili kamili.

Namba ya ukanda

DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Kampuni za filamu zilikuwa zikionyesha filamu zao kwenye majumba ya sinema ya nchi mbalimbali kwa tarehe tofauti, nazo hazikutaka diski iliyotoka Marekani iuzwe mahali ambako filamu haijaonyeshwa. Kwa hiyo dunia iligawanywa katika kanda sita. Ukanda wa 1 ni Marekani na Kanada. Wa 2 ni Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini. Wa 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki na Korea Kusini. Wa 4 ni Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini. Wa 6 ni China. Tanzania, Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ziko katika ukanda wa 5, pamoja na India na Urusi. Namba huchapishwa nyuma ya kasha, ndani ya alama ndogo ya tufe la dunia. Diski isiyo na katazo lolote huchezeka popote.

Kwenye kompyuta namba hii ina hatari ambayo kwenye deki haipo. Tangu mwaka 2000 viendeshi vya DVD hutengenezwa vikiwa vimehifadhi namba ya ukanda ndani yake vyenyewe, wala si ndani ya Windows. Mwenye kompyuta anaruhusiwa kuibadilisha mara 5 tu. Baada ya badiliko la tano, namba iliyopo hubaki hapo moja kwa moja. Kufuta Windows na kuiweka upya hakusaidii, na kukihamishia kiendeshi kwenye kompyuta nyingine hakusaidii vilevile.

Tuchukue hali iliyo ya kawaida katika miji yetu. Kompyuta iliyotumika inafika Dar es Salaam kutoka Dubai au Uingereza, kiendeshi chake kikiwa kwenye ukanda wa 2. Mnunuzi anaingiza filamu ya ukanda wa 5. Kompyuta inauliza kama abadilishe, naye anakubali. Mwezi ujao ndugu yake aliyeko Marekani anamletea filamu za ukanda wa 1, anakubali tena. Kisha anaingiza katuni za watoto zilizonunuliwa Johannesburg, ambazo ni za ukanda wa 2. Kila kubali ni badiliko moja, na hajui kama mwenye kompyuta wa awali alikwisha kutumia mawili au matatu. Siku moja swali haliji tena, na rafu nzima ya filamu halali, alizozilipia, haichezeki kwenye mashine yake.

Kwa hiyo usikubali badiliko kwa haraka kama unavyokubali masharti ya programu. Kwenye Windows, idadi ya mabadiliko yaliyobaki huonekana katika orodha ya vifaa vya kompyuta, ukichagua kiendeshi cha DVD na kufungua sifa zake, kwenye ukurasa unaohusu ukanda. Anayenunua kompyuta iliyotumika na aombe kuonyeshwa ukurasa huo dukani kabla ya kulipa. Huchukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji. Programu nyingine za kuchezea hazijali namba hii, nyingine huiheshimu kikamilifu, kwa hiyo diski inayokubali kwenye programu moja na kukataa kwenye nyingine si ushahidi kwamba kiendeshi ni kibovu.

Wauzaji wengine husingizia mfumo wa picha: kwamba diski ni ya NTSC nawe unatumia PAL. Kwa televisheni za zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kwa kompyuta haina, kwani skrini yake huonyesha mifumo yote miwili.

Diski isiyoweza kununuliwa tena

Hadi hapa tumezungumzia filamu ambayo, ikiharibika, unaweza kununua nyingine. Diski ya harusi iliyotengenezwa na mpiga video wa mtaani ni ya jinsi nyingine. Haikuchapwa kiwandani. Ilichomwa kwenye diski yenye tabaka la rangi ambalo leza hulibadilisha ili kuandika, na rangi hiyo hufifia polepole, hasa ikiachwa kwenye jua au ndani ya gari lililofungwa. Diski yaweza kuwa safi kabisa, bila mkwaruzo, na bado isisomeke.

Kosa la kwanza la kuchunguza si uharibifu, bali kazi isiyokamilika. Mashine za kurekodia DVD za mezani, na baadhi ya kamera zilizorekodi kwenye diski ndogo, ziliacha diski wazi ili iendelee kuandikwa. Mpaka diski ifungwe kwa amri ya mwisho, mashine iliyoirekodi huicheza vizuri na kompyuta huiona kuwa ni tupu. Ikiwa diski ilicheza kwa mpiga video na haijawahi kucheza kwako, irudishe ikafungwe kwenye mashine ileile, au kwenye nyingine ya aina hiyohiyo. Usikubali kamwe kompyuta inapojitolea kuiandaa diski hiyo kwa matumizi mapya. Tupu ya kompyuta si tupu ya kweli, na kuandika juu yake kwaweza kuifuta sherehe nzima.

Ikiwa diski ilikuwa ikisomeka zamani na sasa inasuasua, usianze kwa kutafuta jinsi ya kuicheza. Anza kwa kuinakili. Kila jaribio la kuitazama huikimbiza diski dhaifu na kupoteza muda uliobaki. Ijaribu kwenye viendeshi vitatu au vinne tofauti, kwa kuwa hutofautiana sana katika kusoma diski za kuchomwa. Mara nyingi kiendeshi chenye uwezo wa kuchoma huzisoma vizuri zaidi kuliko chenye kusoma tu. Unakili wa kawaida wa Windows husimama unapokutana na sehemu ya kwanza mbovu, na watu huamini kwamba yote yamepotea. Programu kama GNU ddrescue, ambayo ni ya bure, huruka sehemu mbovu, huokoa kilicho kizima, kisha hurudi kwa subira kujaribu palipobaki. Sherehe ya saa mbili inayokosa dakika tatu ni bora mno kuliko diski nzima iliyotupwa. Fundi atakayeifanya kazi hii na aulizwe waziwazi anatumia programu gani. Asiyejua zaidi ya kunakili kwa mkono asikabidhiwe diski pekee uliyo nayo.

Kuhusu dawa ya meno na mafuta ya kung'arishia, maoni yetu ni kwamba yaachwe mpaka nakala iwe imepatikana au njia nyingine zote zimeshindikana. Hung'arisha plastiki, hayarudishi rangi iliyofifia, na kwenye Blu-ray, ambayo ngozi yake ya juu ina unene wa milimita 0.1 tu, yanaweza kufika kwenye data.

Usafi na umeme

Diski hufutwa kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko huo hula sehemu ndefu mfululizo, ilhali unaoukata hugusa kidogo tu hapa na pale, kiasi ambacho kiendeshi huweza kujisahihishia. Kwenye CD upande wa jina ndio dhaifu zaidi, kwa sababu data iko chini yake mara moja, ikilindwa na varnishi nyembamba. Kalamu ngumu au stika iliyobanduliwa huondoka na nyimbo. Diski yenye ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati isiingizwe kabisa. Kiendeshi cha kasi ya 52 huzungusha CD takriban mara 10,000 kwa dakika, na diski yenye ufa yaweza kupasuka vipande ndani yake.

Kiendeshi cha nje kinachobofya na kuzima mara nyingi hukosa umeme tu. Tundu la USB la zamani limewekewa kikomo cha miliampea 500, na mota inapoanza kuzunguka huhitaji zaidi. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyo, na kama kilikuja na waya wa vichwa viwili tumia vyote viwili.

Unapokwenda dukani au kwa fundi

Ikithibitika kwamba kiendeshi cha kompyuta mpakato ni kibovu, pima unene wa cha zamani kabla ya kununua: kuna vya milimita 12.7 na vya milimita 9.5, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Mweleze muuzaji kwa maneno unachotaka kukifanyia, mathalani kucheza DVD za filamu kwenye Windows 10, na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Chini ya sheria ya mauzo ya bidhaa, Tanzania na Kenya vilevile, mnunuzi anayemweleza mfanyabiashara kusudi lake na kutegemea ujuzi wake anastahili bidhaa inayofaa kwa kusudi hilo. Risiti yenye neno "kiendeshi" peke yake humwacha mlaji akibishana kwa mdomo.

Kwa fundi, hati ya kazi iandike dalili ulizoziona, si hukumu yako: CD inacheza, DVD mbili za kiwandani hazitambuliki, folda ya VIDEO_TS haionekani. Kifaa kitakachotolewa ni mali yako, nawe udai kurudishiwa. Na kabla kompyuta haijaondoka nyumbani, toa diski iliyomo. Trei ikigoma, zima kompyuta, kisha uchokonoe kwa upole kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa katika kitundu kidogo kilicho usoni mwa kiendeshi, mpaka trei isogee na uweze kuivuta kwa mkono.